Hesabu ya Matofali

Nyumba yangu ni mto uliochomwa.
Matofali elfu nne na mia mbili
niliyakata kwa mikono hii ukingoni mwa Rwizi,
chini kidogo ya Mbarara,
pale ambapo mafunjo yalimzidi mtu kimo
na ng'ombe aliyepotea alitafutwa kwa masikio.

Nilikata ya kwangu, nikakata ya kuuza.
Karo ya Katushabe: matofali.
Jeneza la baba: matofali.
Ukuta wa kanisa, ambamo padri alituhubiria
habari za mto utokao Edeni:
yangu pia. Niliyahesabu wakati wa mahubiri.

Shimo likawa dimbwi, dimbwi likazaa madimbwi,
hata ikawa vigumu kusema mto wenyewe uko wapi.
Kiangazi kile tulivuka na viatu miguuni.
Mvua za Oktoba zikaurudisha, una hasira,
ukabeba migomba ya Nuwagaba na choo chake.
Mlango wa choo tuliukuta Jumapili
umenasa juu ya mkaratusi,
komeo bado limefungwa.

Watu wa kiwanda cha maziwa hawakuja kwa mapenzi.
Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni
(japo hawa si wanyonge):
walikuja kwa sababu pampu yao ilinyonya tope,
na siku kumi na moja maziwa yakamwagwa mtaroni,
meupe, yakiteremka kuutafuta mto usiokuwepo.
Meneja akavua viatu, akaingia matopeni.
"Nani anachimba huku?"
Tukamwonyesha bomba lake.
"Na nani anatapika huku?"
Kikao cha kwanza kiliishia hapo.

Cha pili alikuja na Atuhaire, binti wa uhifadhi,
aliyeongea Kinyankole cha bibi yangu
na kujua jina la kila jani tulilolikanyaga.
Cha tatu tuligombania mita.
Mia moja kutoka ukingoni, inasema sheria.
"Sheria haina watoto," akasema Nuwagaba.
Cha nne kilikuwa na soda.
Cha tano nikaweka dole gumba.

Wao: bwawa la kusafishia uchafu wao,
na shilingi moja kwa kila lita, iingie mfuko wa ukingo.
Sisi: tanuri zibomolewe, mafunjo yarudi,
na kila mkata matofali apewe mizinga kumi na miwili.
Nyuki wangu walitoroka mara mbili.
Mke wangu akasema, hata nyuki wana habari zako.

Tulipanda tukiwa tumezama kiunoni.
Vidole vilijua pa kuushika mzizi
bila kufundishwa na mtu,
maana ndivyo vilivyokuwa vikiung'oa.

Sisemi mto umepona.
Juzi lori la mchanga limekamatwa usiku huko juu,
asubuhi limeachiliwa.
Meneja wa viatu amehamishiwa Kampala;
huyu mpya anauliza mfuko huu unaleta faida gani.
Atuhaire hakubishana. Alifungua daftari la kipimo,
akamsomea: mwezi wa saba, sentimita thelathini na nane.
Mwezi wa saba, mwaka wa tope: sifuri.
Yule bwana akaandika kitu. Sikuona alichoandika.

Leo alfajiri korongo wawili wenye taji,
wale wa kwenye bendera,
wametua ndani ya shimo langu,
lile la jeneza la baba.
Mmoja aliinama, akachokoachokoa, akameza.
Sikumwita mtu.

Nilirudi nyumbani nikapapasa ukuta wa chumbani.
Mvua ikija kutoka magharibi, ukuta huo hutoka jasho
na kunuka mto.
Nadaiwa elfu nne na mia mbili,
bila kuhesabu ya kanisa.
Nimelipa shimo moja.