Chunusi

Bibi yangu akisema chunusi
alimaanisha yule wa majini,
anayemshika mguu muogeleaji katika hori ya Tudor.
Mimi wangu hawakungoja niingie maji.
Walinifuata nchi kavu, Kibokoni,
ghorofa ya pili, chumba kisicho na upepo,
wakapanga foleni kidevuni
kama watu wa kivuko mkesha wa Idi.

Mwaka ule kila mtu mtaani alikuwa daktari.
Shangazi Mwanashee: ndimu.
Jirani wa chini: dawa ya meno, ilale usiku kucha.
Muuza viazi karai: "Acha pilipili, dada,"
huku akinimwagia ukwaju wa pilipili bila kuuliza.
Mtu mmoja ndani ya lifti ya benki,
simjui, hanijui,
aliniuliza kama nimejaribu kuolewa.

Nikajaribu yote ila hilo la mwisho.
Ndimu iliuma kama fitina.
Nikasugua kwa dodoki, nikasugua kwa chumvi,
nikasugua kama asuguaye sufuria ya ubwabwa ulioungua,
na uso, maskini, si sufuria.
Ukawaka. Ukachubuka. Ukatoa maji.
Nikaufunika kwa poda, juu ya poda nikabu,
na joto la Machi likatupika sote humo ndani.
Niseme kweli: siku zile sikuivaa kwa ajili ya Mungu.
Alijua, akanisitiri vivyo hivyo.

Duka la dawa, Mwembe Tayari.
Bwana Twalib, mashavu yake mashimo ya zamani
kama ukuta wa matumbawe uliobambuka chokaa.
Nilitaka tyubu kali. Ile kali kabisa.
Akaitazama ngozi, si mimi, ngozi,
akasema: "Huyu ni mwepesi wa kukasirika,
na wewe kutwa wamgombeza."
Akakataa kuniuzia. Mfanyabiashara, akakataa pesa!
Akanipa sabuni isiyonukia chochote,
na mafuta mepesi yasiyo na marashi,
akaandika nyuma ya risiti:
mara mbili kwa siku. Mikono mbali. Wiki nane.
Ikizidi, muone daktari wa ngozi.

Wiki nane!
Mtu huposwa na kuachwa ndani ya wiki nane.

Bomba letu latoa maji ya kisima, ya chumvi,
basi nikamwambia Karisa wa mkokoteni
aniachie mtungi mmoja wa maji matamu, wa uso tu.
"Uso wako," akasema, "wanywa kunishinda."
Maji ya vuguvugu. Vidole, si dodoki.
Kisha leso kuukuu, laini, iliyofuliwa,
nikibonyeza bila kufuta,
kama unavyomkausha mtoto mchanga
pale utosini panapopwita.
Foronya mpya kila Ijumaa, kila Jumanne.
Simu nikailaza sebuleni, nami nikalala.
Soda nimepunguza.
Mabuyu sikuyaacha; tusidanganyane.

Kilichonishinda ni mikono.
Haina adabu. Hupanda yenyewe
ikapapasa kidevu kama ihesabuyo tasbihi.
Usiku wa kumi na tatu nilimtumbua mmoja.
Kovu lake liko hapa, chini ya mdomo, kushoto.

Ndipo nikamkumbuka bibi, na yule wa majini.
Akikushika, alisema, usipapatike;
anayepigana naye ndiye anayezama.
Legea. Lala chali. Atachoka, akuachie.

Wiki ya tisa, si ya nane,
Shangazi alinishika kidevu penye mwanga wa dirisha,
akanigeuza huku na huku kama anunuaye papai.
"Umepaka nini?"
Maji, nikasema.
Akaondoka amenuna, adhani namficha.

Leo asubuhi katokea mmoja, mwekundu,
puani katikati, siku ya harusi ya Bishara.
Bila shaka.
Nimemuosha taratibu, nikamwacha.
Nimevaa dera la zambarau,
nikashuka ngazi
na uso wangu wote.