Dodoso la Jumatano

Jumatano baada ya Isha, chumba cha nyuma cha duka la dawa, Ibra.
Wanawake tisa, kiyoyozi kinakohoa,
nami nagawa karatasi nilizozichapa kwa Kiswahili
kwa kuwa Ghaniya anasema Kiarabu chake ni cha ofisini
na moyo wake haujaajiriwa.

*Huamka nimechoka kabla siku haijaanza.*
Kamwe. Mara chache. Mara nyingi. Kila siku.
Shinuna anauliza: mbona hapana kisanduku cha Alhamdulillahi?
Tunacheka hadi mfamasia anagonga ukuta.
Kisha namwona, kimya kimya, anafuta tiki yake
na kuisogeza hatua moja kulia.

Nawaambia karatasi hii si kadhi.
Ni kipimajoto: kitakwambia una homa,
hakitakwambia nani alikuacha juani.

Wiki ya pili nilileta nyuzi za kudarizia kofia.
Moja mkononi mwangu, tatu mezani:
ipi katika hizi yalingana na hii?
Wanane nilikwisha kuwanong'oneza: semeni ya pili,
ile fupi, fupi hata kipofu angeipapasa akajua.
Wa tisa, Bi Thuwaiba, hakuambiwa kitu.
Miaka thelathini amekata kanzu kwa jicho, bila futi.
Ya pili, akasema Ghaniya. Ya pili. Ya pili.
Zamu ikamfikia, akaikunja shela yake, akaikunjua,
akasema, kwa sauti ya mtoto aliyekosea aya:
ya pili.

Nilipomfichulia hakukasirika.
"Niliona ni ya tatu," alisema. "Nikadhani macho yangu yamezeeka."
Nikamweleza kwamba waliolifanya jaribio hili mwanzo, nchi za mbali,
waliwaona vijana wenye macho mazima wakiteleza vivyo hivyo,
na kwamba akitokea mmoja tu wa kusema kweli
ulimi wa pili hufunguka.
Akaniuliza kwa nini, basi, sikumpa huyo mmoja.
Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Jaribio la halua nililifanyia nyumbani.
Muhannadi, mtoto wa kaka yangu, miaka mitano.
Kisahani kimoja, halua ya Barka, zafarani inang'aa.
Ukingoja mpaka nirudi, utapata viwili.
Sijaufunga mlango, kisahani kinalambwa.
Nikaandika daftarini: *hana subira.*
Usiku nikakumbuka baba yake yuko Doha,
na kila Idi yuko njiani.
Nikafuta. Nikaandika: *anajua hesabu ya ahadi.*

Jana sasa. Nilikuwa natayarisha somo la kumbukumbu,
jinsi watu wazima walivyosimuliwa kwamba utotoni walipotea dukani,
jambo ambalo halikutokea,
na baadhi yao wakaanza kukumbuka, wengine hata kulia kwao.
Nikamwambia dada yangu Nasra: mimi hawanipati.
Mimi naukumbuka ua wa Wete, mkeka wa karafuu,
harufu inayokwaruza koo, na ule msumari
ulionichoma unyayo siku ya mvua.
Nasra aliweka chini kikombe cha kahawa.
"Wewe umezaliwa Matrah, mwaka wa sabini na sita.
Tulikuwa tumekwisha kuhama."
Akavua kiatu. Kovu lilikuwa pale, jeupe, kama punje ya mchele.
Mguu wake. Kovu lake.
Unyayo wangu ndio ulioshtuka.

Leo nimeongeza swali kwa kalamu, chini ya karatasi:
*Nakumbuka mahali nisipopata kufika.*
Wanane wameweka tiki mahali pamoja, kila siku,
na safari hii sikumnong'oneza mtu.
Bi Thuwaiba amevikata visanduku vyote vinne
kwa mstari mmoja ulionyooka, bila rula,
na pembeni ameandika:
mimi nilifika.