Mkono wa Begani

Kwanza naosha mikono, naikausha kwa leso kuukuu,
kisha kioo: kitambaa cha miwani, pumzi nusu,
kwani chembe moja ya vumbi la Mkomani
ikikaa pale itakuwa chunjua kwenye paji la babu
mpaka Kiyama.

Chumvi imeila albamu. Plastiki imeng'ang'ania nyuso;
naibandua kwa uzi wa kusafishia meno,
taratibu, kama unavyomtoa ziwa
mtoto aliyesinzia.

Famau alisema: piga tu kwa simu, ni dakika moja.
Simu humletea bibi dirisha zima usoni
na kivuli cha kidole changu. Nikamwambia, nenda zako.
Nukta mia sita kwa inchi, zile ndogo mia kumi na mbili,
na rangi zote hata kwa picha isiyo na rangi,
maana nyeupe ya zamani si nyeupe,
ni chai ya maziwa iliyopoa.

Taa ya mashine inatembea chini ya picha
kama mtu anayetafuta kipini kilichodondokea uvunguni.
Punda wa Bwana Shalo anajikuna ukutani, meza inatikisika,
arusi ya Mwanajabu inatoka na mstari. Naanza upya.
Umeme unakatika. Naanza upya.

Usiku wa tatu nikafika kwa Shangazi Somoe:
studio, pazia lililochorwa ngazi
za jumba lisilokuwapo popote Amu,
na upande wa kulia, mkasi.
Mkasi ulishuka wima, ukampitia mtu,
ukamwacha shangazi peke yake akitabasamu.
Miaka hamsini tumeiona hivyo, nusu picha,
hakuna aliyeuliza.

Lakini kioo hakina adabu ya watu wa nyumba.
Nilipoikuza, begani, juu ya maua ya leso,
vidole vinne.
Ukucha mmoja umepasuka. Pete ya fedha, imelegea.

Programu ikanipa kibrashi: pitisha hapa,
maua yatajaza pengo.
Nikapitisha. Yakajaa vizuri mno.
Nikayarudisha.

Asubuhi nikamwekea kompyuta mapajani,
kikombe cha kahawa nikakisogeza mbali.
Akavaa miwani. Akaivua. Akainama.
"Tuutoe, shangazi?"
Alinyamaza mpaka kompyuta ikajizima kwa uvivu,
nikaigusa, ikawaka tena.

"Uwate," akasema. "Nilokata mimi ni kanwa lake.
Mkono haukunikosea.
Na siku ile nali natetema."

Kisha akauliza kama mashine yangu inajua
kwamba leso ile haikuwa ya kijivu,
ilikuwa zambarau.

Jioni nikaipa jina kama ninavyozipa zote,
mwaka, mtaa, halafu watu toka kushoto:
1974, Langoni, Somoe,
nikasita, kijistari kikipepesa, kikipepesa,
nikaandika: na mkono.