Kipa wa Pili

Obadia, namba moja wetu, yu mzima.
Mzima kama mlima Loleza. Misimu minne hajaugua hata mafua.
Aliyeondoka ni wa akiba:
kapanda basi la alfajiri kwenda Dodoma,
kwenye timu isiyochelewesha mshahara,
katuachia soksi moja kwenye kamba.

Mwenyekiti akanipigia.
"Mwalimu, dirisha dogo linafungwa Jumanne.
Na pesa, hali unaijua."

Naijua.

Nikaenda Uyole kumwona kijana anayesifiwa.
Anaruka, Mungu wangu, anaruka kama chura wa masika,
lakini sijamaliza hata kumsalimia
ameshauliza Obadia anaondoka lini.
Nikaenda Tukuyu, mvua ikinisindikiza njia nzima.
Anangisye aliwahi kudaka zamani, enzi za mpira wa kushona.
Akavaa glavu taratibu, kama anavaa suti ya harusi,
akapiga magoti kudaka la kwanza
na watu wawili tukamwinua.
Tulicheka wote, yeye akiwa wa kwanza.
Nikaondoka na mkungu wa ndizi, bila kipa.
Wa Mbalizi alitaka pikipiki.
Wa Vwawa alikubali, mama yake akakataa.

Utamwambiaje mtu:
naitaka mikono yako, naomba nisiitumie;
uamke ukungu ungali umelalia nyasi,
udake mipira mia mbili, tope mpaka masikioni,
halafu Jumamosi
ukae.
Ukae vizuri. Ukae kama mtu aliyesimama.

Mimi nilikaa misimu tisa.
Ukijumlisha zote, nimecheza dakika thelathini na nne,
Iringa, kwenye vumbi, mwenzangu kala kadi nyekundu.
Wakanifunga mawili.
La pili bado linaingia, usiku,
nikigeukia ukutani.

Nilimpata Isyonje, wala sikuwa namtafuta.
Nilisimama kununua viazi.
Juu ya Fuso la Dar kijana kasimama,
walio chini wanamrushia kabichi,
kulia, kushoto, mbilimbili, bila mpango,
naye anadaka huku akigombana na dereva
juu ya deni la mia tano.
Haziangalii.
Zinamjia tu, kama kuku wanavyorudi bandani jioni.

Lwitiko Mwasumbi. Miaka ishirini na mbili.
Glavu hajawahi kuvaa.
Safari hii sikuficha kitu: nikamweleza benchi,
nikamweleza baridi, nikamweleza posho
na siku ambazo posho haiji.
Akafuta mikono kwenye suruali.
Mvuke ulikuwa ukimtoka mabegani.
"Huyo wa kwanza," akauliza, "mimi nikiwa nimekaa pale,
nitakuwa namwombea nini?"

Misimu tisa, hakuna aliyewahi kuniuliza.
Nilikuwa na jibu la kanisani
na nilikuwa na jibu langu.
Nikampa langu.

Akanyamaza, kama anayekadiria uzito wa gunia kabla ya kulibeba.
Kisha akasema atakuja,
ila gari lijae kwanza, hawezi kuwaacha wenzake njiani.
Nikavua koti, nikajiunga na walio chini.
Nilimrushia kabichi hadi giza likaingia.
Mbili nilimrushia kwa hila, kuelekea kona ya juu.
Alizidaka zote mbili,
ya pili akairudisha kwa nguvu ikanipiga kifuani.

Sasa ni Juni, na baridi imetushukia toka milimani.
Obadia yu mzima.
Lwitiko hajacheza hata dakika moja.
Anakaa mwisho wa benchi, blanketi magotini,
hasemi sana, anakula karanga.
Lakini kona inapopigwa kule ng'ambo,
kwenye goli lisilo lake,
mimi siutazami mpira.
Natazama lile blanketi:
chini yake, vidole kumi
vinafunguka.