Ishara ya Kumi na Nne

"Weka mikono hapa, Bibi, juu ya meza, usiguse kitu.
Hicho cheusi, kidogo kama kipande cha sabuni,
kinaona vidole."
"Kinaona na kucha?" akauliza Bogumiła,
akaificha ile iliyopondwa na mtambo mwaka wa sabini na tatu.

Nje, jiji la Łódź lilikuwa likinyeshewa theluji ya majimaji,
tramu ikikwaruza kona.
Kiwanda alichofumia miaka thelathini na mmoja
siku hizi kinauza viatu na kahawa;
matofali yake mekundu yamesuguliwa
mpaka yanaona haya.

Nilitaka kuunda ala isiyo na nyuzi, isiyo na ngozi:
mkono ukipanda, sauti ipande,
ngumi ikifumba, mlio ukatike.
Mwezi mzima nilipunga hewa peke yangu
kama mtu anayefukuza nyuki,
kompyuta ikanijibu kwa mlio wa mlango mkavu.
Mkono mtupu haulambwi,
na wangu ulikuwa mtupu kwelikweli:
haujawahi kufanya kazi iliyouzoea.

"Basi fanya kazi yako ya zamani," nikamwambia.
Akashusha pumzi puani.
Akafunga uzi uliokatika, na uzi haukuwepo:
gumba juu ya kidole cha shahada,
mzunguko, mvuto,
ncha akaikata kwa jino.
Chumba kikaguna, kikapanda, kikashika mwendo.
Nilisahau kubonyeza kitufe cha kurekodi.

"Mitambo mia mbili ukumbini," akasema,
"ukipiga kelele hujisikii wewe mwenyewe.
Tulisema kwa mikono."
Akanifundisha, nami nikaifundisha kompyuta:
vidole viwili begani, *msimamizi anakuja*;
kiganja shavuni, *nishikie zamu*;
ngumi ikigonga ngumi, *mshahara umechelewa tena*.
Kila ishara nikaipa sauti yake,
ya msimamizi nikaipa filimbi nzito iliyopasuka,
akacheka hadi akakohoa,
akajikuna pua,
na kazi ya jioni nzima ikafutika.
"Kifaa chako kina umbeya," akasema.
"Kinadaka hata nisichokiambia."

Alhamisi akaja Halszka, mwenye miaka themanini na minne,
na keki ya mbegu ndani ya taulo.
Masikio yake yalibaki kiwandani zamani.
Wakaketi wakikabiliana, kifaa katikati yao,
wakaanza kusengenya watu ambao wote wamekwisha kufa.
Mikono ikaenda mbio.
Kuta zikalia kengele, ngoma, maji,
ile filimbi ikaingia mara tatu
(walimchukia sana yule mtu)
nami nikasimama pembeni kama mpishi
aliyesikia wageni wakinyamaza kwa kula.
Halszka hakusikia hata noti moja.
Aliweka kiganja mezani, akatabasamu:
"Inatetemeka vilevile."

Ndipo akafanya ishara ambayo sikuwa nayo.
Kiganja tumboni,
kisha kikageuka, kikafunguka taratibu,
kama mtu anayemwaga unga ulioingia wadudu.
Bibi akairudia, ndogo zaidi, karibu na aproni.
Skrini ikaandika:
*Ishara ya kumi na nne haijatambuliwa. Ipe jina.*

Nikamtazama Bibi.
Akatazama keki.
"Ulikuwa mwezi wa joto," akasema, "na zamu ilikuwa ndefu."
Kisha: "Iache hivyo."

Sikuipa jina. Nikaitafutia sauti wiki nzima,
filimbi, kinanda, pumzi ya mtu,
zote zikawa uongo.
Sasa, kiganja kikitoka tumboni na kufunguka,
kila kitu kinasimama kwa mpigo mmoja:
mitambo mia mbili, katikati ya zamu,
na anayefuma anaachwa na mapafu yake.

Bibi aliijaribu mara moja tu.
Akasubiri mpaka mwisho wake, mikono hewani.
Halafu akaniomba sukari.