Kiti Kilicholia

Jumapili sokoni, chini ya daraja la reli,
hapo Hildesheim, mvua bado ikisitasita,
niliikuta ndani ya kreti la ndizi
baina ya pasi mbovu na viatu vya barafu:
mwanamke wa nywele za manjano kajilaza juu ya boneti ya gari,
glasi mkononi, na miguuni pake herufi za dhahabu:
Okestra ya Ansgar Dellbrück. Sebuleni Tucheze, Nambari ya Saba.
"Yuro moja," akasema muuzaji. "Au chukua bure.
Marehemu baba alikuwa nazo arobaini. Hazina mwenyewe."

Muziki wa lifti, ndivyo tulivyouita.
Muziki wa kungojea kung'olewa jino.
Nilinunua nipate kucheka.
Nikaipangusa vumbi kwa shati, nikashusha sindano.

Kwanza kimya.
Lakini kimya gani!
Si kile cha chumba kitupu;
hiki ni cha ukumbi wenye watu thelathini
waliokaza pumzi kifuani.
Kisha besi, mviringo kama yai,
ikatembea sakafuni pangu na soksi zake.
Fidla kushoto, shuka iliyopigwa pasi jana;
kulia tromboni nne, zimepakwa siagi;
na nyuma, mbali, karibu na jikoni kwangu,
pembetatu ya chuma:
ting.
Mara moja tu. Niligeuka nione nani kaingia.

Kicheko kikanikauka.

Ndipo bomba la joto likagongwa kutoka chini.
Nikapunguza sauti. Likagongwa zaidi.
Bibi Roswitha Kallweit alikuwa ngazini,
miaka themanini na mitatu juu ya magoti mawili yaliyochoka.
"Nani kakwambia upunguze?
Geuza. Upande wa pili, wimbo wa nne."

Miaka kumi na tisa, akasema, kiwandani,
ndani ya kibanda cha kioo: spika mbili, stuli,
kitambaa cha flaneli, na daftari la mistari ya kijani.
Santuri moja katika kila mia ilipita masikioni mwake.
Tik, kipele kwenye plastiki. Tupa.
Mvumo kama wa nyuki ukutani. Tupa.
Wimbo uleule wa mapenzi, kutwa nzima,
wala hakuusikia,
kama mchambua mchele: haoni wali, huona chuya.

"Ila hii," akasema, akainua kidole.
Fidla zilikuwa zinapanda. Zikafika. Zikanyamaza
kidogo, kabla ya tarumbeta, pengo la nusu pumzi,
na humo, kushoto,
kiti kikalia.

Kii.

Mtu fulani alijinyoosha mgongo,
Novemba ya mwaka sabini na moja.

Sheria ilisema piga simu, simamisha mashine.
Yeye aliandika *Safi*, akatia sahihi.
"Kwa nini?" nikauliza, nikitaraji jambo zito.
"Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa na njaa."
Akatazama sahani ikizunguka.
"Halafu nikairudia mara sita."

Mjukuu wake alimchezea wimbo huohuo simuni,
uliosafishwa, mpya, unang'aa kama bafu la hoteli.
Alingojea pale penye pengo.
Wamemfuta.

Nikageuza jalada kutafuta jina lake.
Yupo Dellbrück, mara tatu.
Yupo mpiga picha, yupo hata msusi wa yule mwanamke.
Thelathini waliokaa vitini, hata mmoja.

"Fidla ya pili, safu ya nyuma," akasema Bibi Roswitha.
"Mnene. Ama ana haraka ya treni."
Hakuwahi kumwona. Hata hivyo alisema
kama anayemsema shemeji yake.
Akavuta kiti changu cha jikoni, akaketi katikati ya spika,
mikono magotini, macho kwenye kona ya kushoto.
"Tena," akasema. "Na usiguse sauti."

Jumapili iliyofuata nilifika darajani kabla ya alfajiri
na begi la magurudumu.
Zimebaki thelathini na tisa.