Njia ya Lugendo

Tuliondoka Nyakato kabla muuza chapati hajawasha jiko,
pikipiki tatu, watu wanne:
Bulugu na Honda yake ya mnada,
tangi bado lina nembo ya mradi wa visima uliokwisha zamani;
Shigela na boksa, kiti kimeshonwa kwa uzi wa nyavu;
mimi, na nyuma yangu Nkwimba,
aliyeshika keria badala ya kiuno changu,
kama mtu asiyetaka kudaiwa.

Mfukoni mwake risiti ya mafuta,
nyuma ya risiti mwandiko wa kaka yake:
*Igombe, achana na lami.
Jiwe lililobeba jiwe, kushoto.
Minyaa. Mashine ya kukoboa. Shuka.
Hapo utaniambia.*

Lugendo hakuwa mtu wa kueleza.
Hata jina lake, ukilifungua kwa Kisukuma,
ndani unakuta safari.
Alikuwa akitangulia, sisi tunakula vumbi lake,
tunamtukana, tunacheka, tunatema.
Mwaka wa pili huu hatujala vumbi la mtu.

Jiwe lililobeba jiwe!
Mwanza hii, kila jiwe limebeba jiwe.
Tukakata kushoto mara nne.
Ya kwanza ilitufikisha uani kwa mtu,
anapiga mswaki; akatutazama, povu mdomoni,
akatuonyesha kwa mswaki huohuo kule tulikotoka.
Ya pili, majaruba ya mpunga.
Ya tatu, makaburi. Tukazima, tukasukuma.
Ya nne ilikuwa na minyaa.

Luseni kwanza, mchanga unaobishana na usukani.
"Ongeza moto, usiguse breki!" alipiga kelele Shigela,
kisha akaanguka yeye.
Halafu mbuga. Jamani, mbuga.
Udongo mweusi ulionyeshewa juzi
ukajaa kwenye madigadi
mpaka magurudumu yakaacha kuwa magurudumu.
Bulugu akachokonoa kwa kijiti, kwa bisibisi, kwa vidole,
akiigombeza Honda polepole
kama anayemwogesha mtoto mkaidi.
Nkwimba akagawa matobolwa.
Tukatafuna, kila mtu na taya zake.

Mashine ya kukoboa ilikuwepo, ila bila mashine:
sakafu ya zege, boliti nne zimesimama.
Mama mmoja alikuwa anageuza dagaa juu ya nyavu kuukuu.
"Mwadila, mayu."
"Mwadila."
"Njia ya kushuka ni ipi?"
Akanyoosha kidevu.
"Hiyo hapo. Imeshuka kweli."

Mistari miwili ya matairi ya kale, nyasi katikati,
iliteremka bila haraka
ikaingia ziwani, haikutoka.
Mwaka ule maji yalipopanda
yaliimeza kona na yote yaliyokuwa ng'ambo yake.
Nguzo ya uzio imezama hadi kifuani,
mnandi juu yake anaanika mbawa.

Tukazima injini. Ekzosi zikapoa, tik, tik.
Hakuna aliyemtazama Nkwimba.
Akavua viatu, akakunja suruali isiyokunjika,
akaingia,
akipapasa kwa nyayo kama aliyedondosha sarafu.
Maji yalipofika magotini akasimama.
"Bado ngumu," akasema. "Pembeni tope. Hapa katikati imeshindiliwa."
Kisha akasema mengine mengi, hakuwa akituambia sisi.
Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake,
hatukusikia kitu,
na mama wa dagaa akatugeuzia mgongo
asisikie zaidi.

Bulugu akagundua waya wa klachi umebaki nyuzi mbili.
Tukaufunga kwa waya wa uzio. Ikapita saa nzima,
Shigela akauziwa dagaa asiowahitaji.

Wakati wa kuondoka Nkwimba akanyoosha mkono:
"Lete ufunguo."
Nikakaa nyuma. Nikashika keria.
Karibu na Igombe barabara ilikuwa imekauka,
akaongeza moto bila kuuliza,
na nyuma yetu nikasikia Shigela anatukana,
anakohoa, anatema.